Paka wa ghala naye apewe mlo

Katika maghala ya mahindi ya Busia na Namanga, paka ni mlinzi asiyedai mshahara. Wapo wafanyabiashara wanaomnyima chakula wakidhani njaa itamfanya awinde zaidi. Wanajidanganya. Paka mwenye njaa hudhoofika au huhama, na magunia hubaki kwa panya.

Ugali na maziwa pekee havimtoshi, kwani mwili wake unahitaji nyama au samaki. Chakula cha bei nafuu kipo sokoni: dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Kenya huwaita omena na Uganda mukene. Wachemshwe bila chumvi wala kitunguu, ambacho ni sumu kwa paka, kisha supu yake ichanganywe na ugali kidogo. Konzi ya dagaa ni rahisi kuliko gunia lililotobolewa.