Lishusheni Hilo Gauni Msumarini



Leo tuna ugomvi, na ugomvi wetu ni na gauni. Tena gauni lenyewe wengi wetu tunalo: lile tulilolinunua dogo makusudi, la lesi kifuani na zipu mgongoni, tukalitundika mlangoni mwa kabati ili kila tukiamka tulione. "Hili ndilo litakalonipunguza," tunasema. Mwezi wa kwanza tunalitazama kwa hamu. Wa pili tunalitazama kwa wasiwasi. Wa tatu tunatundika baibui juu yake tusilione.

Sisi tunasema lishusheni.

Tunajua ushauri huo umetoka wapi. Umetembea kutoka simu hadi simu, shoga kamtumia shoga, na kila mmoja kauchukua kama dawa. Nunua nguo ndogo, itakutia hamu. Hakuna aliyesimama kuuliza: hiyo nguo inamwambia nini mwanamke kila asubuhi? Inamwambia neno moja tu, "bado". Tuseme mtu kajiwekea kilo 12. Mwendo wanaoushauri watu wa lishe ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Ni wiki 12 ukienda vizuri mno, wiki 24 ukienda kama binadamu mwenye watoto, wageni na harusi za watu. Wiki zote hizo gauni halina njia ya kukwambia "umefika nusu". Zipu ama inapanda ama haipandi. Umepungua kilo 6, kazi kubwa wallahi, na zipu imekwama palepale. Nani atatoka kwenda kutembea alfajiri baada ya kutukanwa na zipu?

Na si utani. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuwa amekwenda vizuri kabisa. Daktari alimwambia sukari yake iko juu, apunguze uzito, akaanza kutembea nasi kila asubuhi baada ya swala. Alipunguza soda, alipunguza maandazi, alikuwa anacheka. Ikaja harusi ya mdogo wake. Sare ikatolewa, akaenda kwa fundi, akamwambia: nishonee kwa kipimo cha mwezi ujao, usinishonee huu mwili. Fundi naye, badala ya kukataa, akashona. Wiki mbili kabla ya harusi nguo haikupita mabegani. Akaanza kunywa ile chai ya kupunguza tumbo inayouzwa kwenye vipaketi, asubuhi na usiku, na chakula akaacha. Chai nyingi za namna hiyo zina majani ya sana, yaani dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji, mafuta yapo palepale. Siku ya tatu akaanguka jikoni. Harusini hakwenda. Alikaa chumbani, akasema ana homa. Na baada ya hapo hakurudi kutembea nasi kwa miezi minane. Sukari haikumngoja arudi.

Tumemtaja kwa ruhusa yake, na tumemtaja kwa sababu hakushindwa na chakula. Alishindwa na nguo.

Sasa kuna upande wa pili wa shilingi, na huu ni wetu khasa sisi watu wa visiwani. Mavazi yetu hayasemi. Hebu tazameni lebo ya baibui lililotoka Dubai: 52, 54, 56, 58. Wengi wetu tunadhani ile ni namba ya unene. Si unene, ni urefu, kwa inchi, toka begani hadi chini. Mwanamke anaweza kupungua kilo 15 na bado akawa 56, na anaweza kuongezeka kilo 15 na bado akawa 56. Dera ndiyo kabisa. Limekatwa moja kwa wote, bibi harusi na bibi yake wanavaa lilelile. Sketi ya lastiki inapanuka nasi kimyakimya na kusinyaa nasi kimyakimya. Nguo zetu ni kama shoga mpole asiyetaka ugomvi: umenenepa hakwambii, umepungua hakupongezi.

Hatusemi madera ni mabaya. Tunayavaa tunapoandika haya. Tunasema mtu akianza safari ya kupunguza uzito akiwa na kabati la madera tupu, na gauni moja dogo msumarini, basi ana mashahidi wawili tu: mmoja bubu na mmoja mkali. Katikati hakuna mtu.

Halafu linakuja lile tunaloliita "unaumwa?" Hili ndilo linatukera kuliko yote.

Mwenzetu kapungua kilo 7. Kwa jasho lake. Lakini bado anavaa nguo za mwili wa zamani, kwa sababu kajiambia "nitashona nikifika". Mabega ya gauni yameshuka hadi mkononi, shingo imepwaya mifupa inaonekana, nyuma kitambaa kinaning'inia. Anaingia msibani au shughulini, anapokewa vipi? "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" "Mume hakupi kula?" "Ewe mwanangu, umedhoofu, una nini?" Shangazi watatu, jirani wawili, wote kwa huruma ya kweli. Akirudi nyumbani amekwisha kuamini kuwa amechakaa. Usiku anakula wali wa nazi sahani mbili ili amani irudi.

Tulijaribu. Mmoja wetu aliyepungua alikuwa akiulizwa "unaumwa?" kila wiki. Alipeleka magauni mawili na baibui kwa fundi, yakaingizwa ubavuni, mabega yakapandishwa. Mwili uleule, uzito uleule. Wiki ile ile shangazi yuleyule akamwambia, "Leo umependeza, umefanya nini?" Hakufanya kitu. Alivaa nguo inayomkaa.

Ndiyo maana tunasema: vaa nguo ya mwili ulionao leo. Kesho ukiwa na mwili mwingine, nguo ya kesho itakwenda kwa fundi kesho.

Tunasikia mnavyotujibu. La kwanza, israfu. Kushona leo na kupunguza baada ya miezi miwili, si kutupa pesa? Basi tuhesabu pamoja. Lile gauni la msumarini uliliua pesa ngapi, na umelivaa mara ngapi? Yapo mangapi kabatini ya namna hiyo, ya Idi ya mwaka juzi, ya mahari ya binamu, ya "nikipungua"? Israfu ni kitu kukaa bila matumizi. Fundi kuingiza mshono ni kazi ndogo ya elfu chache. Akiingiza nusu inchi tu kila ubavu, nguo inapungua inchi 2 mzunguko mzima, kwa sababu kitambaa cha mbele na cha nyuma vinaingia vyote. Mwambie asikate kinachobaki ndani, akikunje na kukilaza, kwani mwili unaweza kurudi nyuma kidogo na hilo si msiba. Na ukinunua nguo katika kipindi hiki, tazama mabega kwanza. Kiuno na ubavu fundi anavirekebisha akiwa anapiga soga. Mabega yakiwa hayakukaa, nguo yote hufumuliwa.

La pili, stara. Kuna dada aliwahi kutuambia kwa ukali kidogo kwamba nguo inayomkaa mtu ni nguo inayombana, na sisi tunawafundisha wanawake kujionyesha. Hapana, dada yetu. Tunajua sharti: nguo isibane, isionyeshe umbo, isiwe nyepesi ya kuangaza. Hilo hatuligusi. Lakini upana una mahali pake. Baibui linaweza kuwa pana chini na likakaa sawa begani. Linaweza kuwa huru kiunoni bila kuburura vumbi na kunasa kwenye ngazi ya daladala. Tumeona mtu akianguka hivyo Darajani, na stara yote ikaondoka palepale. Kusitiri mwili na kuuficha kwa sababu unauchukia ni mambo mawili, na moyo wa mwenye nguo unajua lipi analifanya. Tumefunzwa tangu chuoni kwamba mwili ni amana na una haki juu yetu. Amana haitunzwi kwa kuichukia hadi siku itakapofika saizi fulani.

La tatu tunalisikia kwa waume na, samahani, kwa mama wakwe: "Kwanza upungue, ndiyo nikununulie." Nguo imekuwa zawadi ya mwisho wa mashindano. Tunawaambia kwa heshima: mtoto akianza skuli mnampa viatu siku ya kwanza au siku ya kumaliza?

Viatu vinatukumbusha jambo ambalo halizungumzwi kabisa kwa sababu ya haya. Nguo za ndani. Wanawake wanaacha kutembea wiki ya pili, tunadhani ni uvivu, kumbe mapaja yamechubuka kwa kusuguana, au kifua kinauma kwa sidiria iliyolegea. Ukivaa bukta ndefu ya pamba chini ya sketi au dera, mapaja yanapona. Sidiria nayo kifua kinapopungua hubaki na lastiki iliyochoka, haishiki tena. Ukanda wa mgongoni ukipanda juu ukitembea, ujue ni kubwa. Kitambaa cha nailoni kwa joto letu hili ni adhabu. Kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi kitaifa hapa Zanzibar, tunaona wanawake wengi barabarani asubuhi, mashaallah, na tukiangalia wamevaa nini tunajua nusu yao Februari hatutowaona. Mwili hauwakatazi. Nguo inawakatisha tamaa kwa kuwaumiza.

Basi tunapima kwa nini, ikiwa gauni hatulitaki na dera halisemi? Mizani ina kazi yake lakini nayo ina ghadhabu. Maji mwilini hupanda na kushuka, karibu na siku za hedhi hupanda, ukila chumvi nyingi usiku asubuhi umeongezeka kilo nzima na hujanenepa hata chembe. Mwanamke akipanda mizani kila siku anaishi kwa kuyumba.

Sisi tunatumia vitu viwili. Kimoja ni futi ya fundi, mara moja kwa wiki mbili, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani (tunakujueni). Shirika la Afya Duniani linataja sentimita 88 kwa mwanamke, inchi 35 hivi, kuwa mpaka ambao ukiuvuka hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inapanda sana. Namba hiyo ina maana kuliko M, L na XL, ambazo kila kiwanda kinajipangia chake. Mtu anaweza kuwa L dukani Mlandege na XXL duka la pili, na akalia bure.

Cha pili ni kanga. Chukueni kanga moja kuukuu, iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ili isiwe na kusinyaa tena. Jifungeni nayo kiunoni, ncha ya nje ikifika inapofika, shoneni uzi mwekundu pale. Mwezi ujao mjifunge kanga ileile. Ncha itakuwa imeuvuka uzi, kwa vidole viwili au kwa kimoja. Shoneni uzi mwingine. Kanga haina zipu ya kukwama. Haina "bado". Inaonyesha kila kidole ulichokitembea, na ukirudi nyuma inakwambia bila kukutukana. Mmoja wetu kanga yake sasa ina nyuzi sita, na anaionyesha kama watu wanavyoonyesha dhahabu.

Tunajua wapo watakaotuambia kwao gauni dogo limefanya kazi. Tunaamini. Wapo wanaosukumwa na ukali. Lakini tumekaa na wanawake wengi barazani, na kwa kila mmoja aliyelivaa gauni lile tunawajua kadhaa waliolikimbia, na wakilikimbia gauni wanaikimbia na safari yote, na daktari, na sukari, na sisi wenzao wa alfajiri. Ushauri unaomfaa mmoja na kuwaangusha wanne si wa kusambazwa kama sadaka.

Mafundi wetu nanyi mtusikilize. Mwanamke akija akisema "nishonee kwa mwili wa mwezi ujao", mkataeni. Mpimeni alivyo, muache akiba ya inchi moja ndani ya mshono kila upande, mumwambie arudi. Atarudi, na mtapata kazi mara mbili.

Yule mwenzetu tuliyemtaja karudi kutembea nasi tangu mwezi uliopita. Kaja na sketi mpya ya pamba, kipimo cha leo, haina cha mwezi ujao. Ile sare ya harusi kaifumua mwenyewe. Kitambaa kimetoka gauni la Idi la binti yake wa miaka 6, na kipande kilichobaki kashonea foronya.