Daftari la Mama Limeishinda Programu Yangu

Wadau, niko hapa Raila, Kibera, na leo nina hasira na watu wa kazi yangu, mimi mwenyewe nikiwemo. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta, naandika programu kila siku, na nimeaibishwa na daftari la dukani.

Mimi ndiye ninayewekea chama cha mama rekodi. Mwaka jana nilizihamishia kwenye programu moja ya noti (sitaitaja), zile za kupanga mambo kwa ngazi: kichwa juu, matawi chini, unakunja na kukunjua. Desemba, siku ya kugawana pesa, stima ikapotea na mtandao ukaenda nayo. Mama mmoja muuza samaki akasema mkopo wake alishamaliza. Wenzake wakabisha. Nafungua simu, naona duara linazunguka. Linazunguka tu! Akina mama wote wananitazama. Mama akatoa daftari lake, akalamba kidole, akafunua: alilipa Agosti, sahihi mbili. Kesi ikaisha.

Jamani, noti ni maandishi. Kurasa mia mbili za chama hazijazi hata megabaiti moja. Kwa nini zikae kwenye seva ng'ambo, nami niombe ruhusa kusoma nilichoandika mwenyewe?

Tena si kwamba jambo lenyewe ni geni. Douglas Engelbart alionyesha orodha za kukunja na kukunjua mwaka 1968 kule San Francisco. ThinkTank ya Dave Winer ilitoka 1983, ikafanya kazi bila intaneti yoyote. Sisi tumeongeza nini? Akaunti na malipo ya kila mwezi. Desemba 2023 Evernote iliwabana watumiaji wa bure: noti 50, daftari 1. Chama kinachokutana kila wiki kinazimaliza kabla ya Krismasi.

Halafu hizo ngazi zenyewe. Mkopo wa muuza samaki niuweke wapi: chini ya jina lake, chini ya Agosti, ama chini ya mikopo? Programu inataka mahali pamoja. Ukinakili mara tatu kisha urekebishe moja, mbili zinabaki zikidanganya. Na nilipojaribu kuzitoa humo, matawi yote yalitoka yamelala, mstari baada ya mstari, hujui nani anadaiwa nini.

Najua mtanitajia Org-mode. Ni nzuri, ipo tangu 2003, na faili zake ni maandishi ya kawaida. Mfundishe mama Emacs, kisha urudi tuongee.

Ndiyo, karatasi huungua, na huku Kibera moto tunaujua. Ndiyo maana sijakata tamaa na kompyuta. Siku hizi jioni mama anasoma daftari, mimi napiga chapa kwenye faili la maandishi matupu: tarehe, jina, kiasi, mstari mmoja kwa kila malipo. Nakala moja iko kwenye simu yangu, nyingine kwenye flashi ya dada. Tumefika Machi.