VYAMA VYA INTANETI NA KITI CHA MFANYA KAZI



Wako waliotuuliza kwa nini Chama kinajishughulisha na mambo ya intaneti wakati yako mashauri ya mishahara yasiyokwisha. Jibu letu ni hili. Siku hizi mtu akitafuta kazi katika Kenya, hata cheti cha polisi cha tabia njema hukiomba kwa intaneti. Mwenye kuifunga njia hiyo, au kuipandisha bei, amemfungia mfanya kazi mlango. Basi ni haki yetu kujua njia hiyo ni ya nani na nani anaitunza.

Sehemu kubwa ni mali ya makampuni, nayo yatafuta faida. Hilo halina ubishi. Lakini ziko sehemu ambazo si mali ya tajiri yeyote. Zatunzwa na vyama visivyogawa faida, yaani fedha ikibaki baada ya gharama haiendi mfukoni mwa mtu, bali yarudi kazini. Majina ya intaneti yanayoishia kwa .ke yako chini ya KENIC. Vyuo vikuu vina KENET, uliozaliwa mwaka 1999. Mwaka huo huo makampuni yanayouza intaneti yaliunda chama chao, TESPOK. Hicho ndicho twataka kukieleza zaidi, maana habari yake yafanana sana na habari yetu sisi.

Zamani hizo, ujumbe ukitoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya papa hapa Nairobi, haukwenda moja kwa moja. Ulipanda kwa setelaiti mpaka Ulaya au Marekani, ukageuka huko, ukarudi. Ni kama mtu wa Kariokor kumpelekea barua ndugu yake wa Pumwani kwa njia ya London, na kulipia kwenda na kurudi kwa dola. Makampuni yalikuwa yakinyang'anyana wateja kila siku, lakini yakaona kwamba hasara hii yayala yote pamoja. Kwa jambo hili moja yakaacha ugomvi. Novemba 2000 yakafungua Nairobi kituo cha kubadilishana, KIXP. Si jumba kubwa: ni chumba, na mashine ya kuunganisha, na kila kampuni ikavuta waya wake mpaka hapo, ili ujumbe wa hapa ubaki hapa.

Wiki mbili tu, kituo kikafungwa. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje wakati ule, ilishtaki kwa Tume ya Mawasiliano kwamba haki yake imevunjwa, na Tume ikaamuru mashine zizimwe. Hapo ndipo twawasifu hao wenye makampuni, ingawa si desturi yetu kusifu waajiri. Hawakutawanyika. Hapana mmoja wao aliyekimbilia mlango wa nyuma kujipatanisha peke yake. Walijibu kwa sauti moja kwamba hawauzi kitu kwa umma, wanapokezana tu mizigo yao wenyewe, na sheria haikatazi. Shauri likachukua karibu mwaka mzima. Novemba 2001 leseni ikatoka, na Februari 2002 kituo kikawashwa tena. Safari ya ujumbe iliyokuwa ikichukua sekunde nzima na zaidi ikawa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Uchunguzi wa Internet Society wa mwaka 2020 ulisema kwamba kwa sababu ya kituo hiki Kenya yaokoa dola milioni 6 hivi kila mwaka.

Sasa twauliza: katika fedha hizo, ngapi zimemfikia mwenye kununua bando la shilingi ishirini? Na ngapi zimemfikia anayechimba mtaro wa waya kwenye mvua, au anayepanda mnara usiku? Wanachama wa TESPOK ni makampuni. Hatukichukii chama hicho kwa sababu hiyo, lakini tusikiite chama cha wananchi. Kutogawa faida si sawa na kumjali mfanya kazi. Kibarua aliyeajiriwa kwa mkono wa kontrakta aliyeajiriwa na kontrakta mwingine hana kiti popote katika mambo haya.

Wako wenzetu walioanza kujitafutia kiti. Tarehe 1 Mei 2023 wafanya kazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Kazi yao ilikuwa kutazama picha na maneno machafu kwa niaba ya makampuni ya ng'ambo, ili watu wengine wasiyaone. Na Mei 2025, Mahakama Kuu ilipotoa amri ya muda ya kuzuia intaneti isizimwe, miongoni mwa vyama vilivyopeleka kesi hiyo vilikuwako chama cha wanablogu, BAKE, na chama cha wafanya kazi hasa, yaani KUJ cha waandishi wa habari. Basi asituambie mtu kwamba mambo haya si yetu.

Tena iko njia nyingine inayotupendeza zaidi. Kule Kibera, vijana wa Tunapanda wameunganisha shule na vituo vya vijana kwa mitambo yao wenyewe. Tangu mwaka 2021 Serikali ina utaratibu wa leseni kwa mitandao ya namna hiyo ya jamii. Tawi lenye ofisi na paa laweza kuuliza inagharimu nini, na laweza kwenda Kibera kujionea.

Kwa hiyo tumeamua kuwaandikia TESPOK, kwa adabu na bila kupiga magoti, tuwaulize wanachama wao wanawalipaje na kuwalindaje watu wa mitaro na minara. Lakini hatutaandika kwa maneno matupu. Matawi yatuletee kwanza hesabu ya wanachama na vibarua wa kazi hizo katika mtaa wao: wangapi wana mkataba, wangapi hawana, na nani aliyeumia kazini bila kulipwa. Makatibu wa matawi wafikishe hesabu hiyo afisini kabla ya mwisho wa mwezi.