Baskeli ya Gia Moja Iwe Mahari? Mimi Nasema Ndiyo



Mwezi uliopita alikuja kwangu msichana kupimwa nguo za harusi. Futi iko kifuani kwake, nikamuuliza kama ninavyowauliza wote: "Mahari umetaja nini, mdogo wangu?" Akanijibu bila kuinamisha kichwa: "Fedha kidogo na baskeli, dada. Ya gia moja." Mama yake akaguna. Shangazi yake akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi sikucheka.

Mahari ni ya mwanamke mwenyewe. Suratun Nisaa, aya ya 4, imelimaliza hilo: si ya baba, si ya mjomba, wala si ya watu wa shughuli. Na Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu asiye na kitu atafute japo pete ya chuma. Basi chuma chenye magurudumu mawili kina kasoro gani? Tumezoea kutaja kitanda na kabati la vioo, na hatucheki. Huyu mtoto anafundisha chekechea kijiji cha pili, kwa mguu ni karibu saa nzima, na daladala ya huko hupita ikijisikia.

Shangazi alipomaliza kucheka alinivuta pembeni kuninong'oneza lile ambalo sote tuliambiwa tukiwa wadogo: msichana akipanda baskeli "anaharibika". Mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikajifunza kuendesha nikiwa na miaka ishirini na mbili, usiku, kwa kujificha kama mwizi. Tuseme wazi. Ule utando wengine wanazaliwa nao mwembamba, wengine hawana kabisa, na unaweza kupasuka kwa kuruka au kuanguka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba aliyeupoteza bila ya kuingiliwa na mwanamume hukumu yake ni bikra vile vile. Kumbe wanavyuoni walishalijibu zamani, sisi ndio tuliokuwa tukitishana jikoni. Na anayesema kupanda chombo ni aibu kwa mwanamke akumbuke kwamba Mtume aliwasifu wanawake wa Kikureshi waliopanda ngamia.

Haya, sasa baskeli yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokosea.

Kwa nini gia moja? Kwa sababu tunaishi na chumvi. Baskeli ya gia nyingi ina waya, springi na vigurudumu vidogo nyuma, na upepo wa pwani unavila vyote. Ya gia moja ina mnyororo ulionyooka na giya mbili tu. Ukiipaka mafuta na ukaifuta mchanga inakwenda miaka. Mimi yangu niliiunganisha kwa fundi kipande kipande: fremu ya mtumba isiyo na bomba la juu, ili nipande bila kurusha mguu, rimu za inchi 26, keria imara ya kubebea vitambaa, na kifuniko cha mnyororo chote kizima. Mbele ina meno 44, nyuma 18. Mzunguko mmoja wa pedeli unanipeleka kama mita tano, na kwa Unguja, ambako njia nyingi ni tambarare, inatosha kabisa. Dada zangu wa Pemba, kwa vilima vyenu mwambieni fundi aweke meno 22 nyuma. Mtakwenda polepole, lakini hamtashuka kusukuma. Mnyororo usikazwe kama uzi wa cherehani. Ukiubonyeza katikati ucheze kiasi cha sentimita moja.

Halafu kuna ile isiyokuwa na friwili. Friwili ni ile inayolia tik-tik ukiacha kukanyaga. Ikikosekana, pedeli zinazunguka muda wote gurudumu linapozunguka, huwezi kuzisimamisha na chombo kinakwenda. Vijana wa miji ya Ulaya na Marekani wanazipenda sana hizi, wengine wanaondoa hata breki na kupunguza mwendo kwa miguu. Hayo ni yao. Mimi niliendesha moja bila kutaka. Friwili yangu ilikufa, na fundi mmoja, badala ya kuibadilisha, akaichomelea. "Hii ndiyo fasheni, dada," akaniambia. Wakati ule sikuwa na kifuniko cha mnyororo. Kwenye mteremko pindo la buibui likaingia kwenye meno, na kwa friwili nzima ningeacha kukanyaga tu likaishia hapo. Hii iliendelea kulivuta, na mimi nikalifuata. Kovu la mguu ninalo. Lakini kilichoniumiza zaidi ni gauni la bi harusi lililokuwa kwenye keria, jeupe, kesho yake lilikuwa livaliwe. Nilishona usiku kucha na bandeji mguuni, na sikulipwa ziada, wala sikustahili kulipwa.

Kwa hiyo ushauri wangu hauna mzunguko: gia moja, ndiyo, ila yenye friwili, breki mbili, na mnyororo uliofunikwa.

Katika kusoma soma nilikutana na habari za Kittie Knox, fundi wa kushona wa Boston, Marekani, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika. Mwaka 1894 chama cha waendesha baskeli cha nchi yake kilifunga mlango kwa watu weusi, na yeye mwaka 1895 akaenda hivyo hivyo kwenye mkutano wao wa Asbury Park, amevaa vazi la kuendeshea alilolishona mwenyewe. Siwaambii mvae kama yeye. Nilichokipenda ni kwamba hakungoja nguo ije dukani.

Na mimi basi nashona. Buibui la baskeli linaishia kwenye kifundo, lina rinda la ndani kuanzia gotini ili goti lipande bila nguo kuvutika, ndani suruali nyepesi, mkononi kafu yenye lastiki. Ushungi ubanwe pini mbili, upepo hauna adabu. Ukiwa umesimama, hakuna atakayejua kama lina tofauti na buibui jengine.

Yule msichana nimeshamkatia la kwake. Mchumba wake ameshanunua fremu, wanatafuta rimu. Mama ameacha kuguna. Shangazi bado, na Jumamosi anakuja kupimwa gauni lake la shughuli. Baskeli yangu huwa naiegesha pale pale mlangoni, itabidi aipite.