Trela ya pili hulipiwa na nani?

Mtu asiyepata kuishi Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, hawezi kuelewa upesi furaha inayoletwa na ngurumo ya trekta. Wakati wa kiangazi ngurumo hiyo husikika kabla trekta lenyewe halijaonekana, na watoto hujua kwamba maji yanakuja. Hukimbilia lango la shule na mitungi yao ya manjano, na hata mwalimu aliyekuwa katikati ya somo huona ni afadhali afunge kitabu. Nilifundisha sehemu hizo kwa miaka kadhaa na nikayanywa maji hayo. Kwa hiyo ninayoyaandika leo siyaandiki kama adui wa madereva wa matrekta.

Ninataka kuzungumzia desturi moja ambayo imezoeleka mno hata hakuna anayeiuliza. Trekta moja hufungiwa trela ya tangi la maji, kisha nyuma ya trela hiyo hufungwa nyingine ya pili yenye tangi kama lile la kwanza. Msafara huo hupita katika barabara za vumbi, hushuka mabondeni na kuvuka mito ya msimu, na pembeni mwake wanatembea wanafunzi.

Mnamo Oktoba 2022 nilikuwa nimerudi kuwatembelea waliokuwa wenzangu katika shule moja ambayo sitaitaja. Misimu minne ya mvua ilikwisha pita mitupu, na wa tano nao ulikuwa unasitasita. Trekta lilikuja alasiri na trela zake mbili, likashuka katika mto mkavu ulio chini ya shule, kisha likaanza kupanda ukingo wa pili. Mlio wa injini ulibadilika. Halafu tukasikia kitu kikikatika, na trela ya nyuma ikaanza kurudi kinyumenyume, polepole kwanza, kisha kwa kasi, hata ikafika mchangani, ikapita juu ya mitungi iliyokuwa imepangwa kando ya kisima cha kuchimba, ikalala ubavu.

Dakika chache kabla ya hapo palikuwa na watoto kumi na mmoja mahali pale. Walikuwa wameondoka kwa sababu ya jua tu, wakaketi chini ya mgunga kungoja zamu. Mvulana mmoja alikuwa akilia, nami nikadhani ni kwa hofu. Alikuwa akililia mtungi wake uliopondeka. Wakati huohuo maji yalikuwa yakibubujika kutoka tangini na kunywewa na mchanga, na watu wazima kwa watoto wakakimbilia papo hapo na vikombe na sufuria, chini ya trela iliyolala bila kizuizi chochote. Sikuweza kuwazuia, na sina hakika kwamba nilijaribu kwa moyo wangu wote.

Tulipotazama pini iliyokuwa ikiunganisha trela hizo mbili tukaona ni kipande cha nondo ya kujengea. Hapakuwa na mnyororo wa akiba. Trela yenyewe haikuwa na breki, wala taa, wala namba ya usajili ya herufi Z ambayo kila trela ya Kenya hupaswa kuwa nayo.

Nilimkabili dereva kwa hasira. Akanijibu kwa upole ulionifedhehesha: "Mwalimu, nikileta moja, watoto hawa watakunywa hadi Jumatano."

Usiku ule niliipiga hesabu yake, na ninawaomba wanafunzi waipige nami. Shule ilikuwa na wanafunzi wapatao 400. Mpe kila mmoja lita tano kwa siku, za kunywa, za kupikia chakula cha mchana na za kunawa, nazo ni lita 2,000. Tangi moja ni la lita 5,000. Likijazwa Jumapili, litakuwa tupu Jumatano saa sita. Matangi mawili hutosha siku tano, yaani juma zima la masomo, kwa safari moja na kwa mafuta yaliyo pungufu sana kuliko ya safari mbili. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, na wengi wetu tungependa kumtupia dereva huyu methali hiyo. Lakini hesabu yake ni sahihi. Kilichoko mbele hapa ni kiu.

Basi hesabu imekosea wapi? Imeacha kuandika upande mmoja wa daftari. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Matangi mawili yaliyojaa ni tani kumi bila kuhesabu chuma na magurudumu, ilhali matrekta ya kawaida tunayoyaona vijijini yana uzito wa tani tatu hivi, na mengi yana breki katika magurudumu ya nyuma peke yake. Trekta linaweza kuuvuta mzigo huo mahali tambarare. Kuusimamisha mteremkoni ni jambo jingine kabisa. Trela zisizo na breki hulisukuma trekta kutoka nyuma. Likiwa limekata kona kidogo, husukumwa ubavu na kupinduliwa na mzigo wake lenyewe. Na mwalimu wa fizikia atawakumbusha kwamba nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake: dereva akitoka kilomita 20 kwa saa kwenda 40, amezidisha mara nne kazi ambayo breki zake zitatakiwa kuifanya.

Kuna na jambo la mkia. Watoto wote wamecheza mchezo wa kushikana mikono katika mstari na kukimbia wakipinda. Wa mbele hupinda kidogo tu, wa katikati huyumba, na wa mwisho ndiye anayerushwa majanini. Trela ya pili ndiye yule mtoto wa mwisho. Dereva akikwepa shimo au mbuzi kwa kugeuza usukani kidogo, trela ya kwanza huyumba, na ya pili huyumba zaidi, nayo ndiyo asiyoiona vizuri. Tangi likiwa nusu huwa ni baya kuliko likijaa, kwa kuwa maji hupata nafasi ya kukimbia ndani yake. Gari likisimama, yenyewe huendelea mbele, kisha hurudi. Ndiyo maana matangi ya malori yaliyoundwa vyema hugawanywa ndani kwa kuta zenye matundu. Matangi mengi ya vijijini hayana kuta hizo, na aghalabu huwa nusu, maana trekta hupita shule hii likamwaga kidogo, likaenda na ile.

Sisemi kwamba kuvuta trela mbili ni haramu kila mahali duniani. Huko Australia, katika nyika zilizo kavu kama yetu, kuna malori yanayovuta trela tatu na zaidi, na katika jimbo la Northern Territory msafara mmoja unaruhusiwa kufikia urefu wa mita 53.5. Lakini breki zimo katika kila ekseli, madereva wana leseni maalumu, na barabara ni pana, zimenyooka, na hazina watoto wa shule. Marekani nako kuna watu ambao siku za mapumziko hufunga trela mbili nyuma ya gari moja, kila trela na pikipiki yake ya majini, wakaenda kuchezea maji ziwani. Majimbo mengine huwaruhusu, mengine huwakataza. (Sisi twayafuata maji ili tuishi, wao huyafuata kwa mchezo, lakini kiungo cha chuma hakijui tofauti hiyo.) Walio waangalifu miongoni mwao hununua trela moja pana inayobeba pikipiki zote mbili.

Hapo ndipo ninapoona njia. Trela moja yenye ekseli mbili, tangi kubwa kiasi lililogawanywa ndani, na breki zake yenyewe, ikivutwa na trekta linaloiweza, ni salama kuliko vitrela viwili vilivyofungwa kwa nondo. Ni ghali zaidi, najua. Lakini wakati wa ukame maji hayo mara nyingi hulipiwa na fedha za umma au za wafadhili. Anayelipa ana haki, na kwa kweli ana wajibu, wa kuuliza yanaletwa na chombo gani. Halmashauri ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, hukagua magari ya biashara; trela ya maji haipaswi kusahauliwa kwa kuwa tu haifiki mjini. Serikali ya kaunti nayo inaweza kuandika katika kila mkataba wa kusambaza maji kwamba trela isiyo na mnyororo wa akiba haitalipwa. Mnyororo! Tunazungumza juu ya kitu kinachouzwa katika duka lolote la vyuma pale Mwingi. Na walimu wakuu wanaweza, bila kungoja barua ya mtu, kukataa kupokea maji saa ambazo wanafunzi wako njiani asubuhi na jioni.

Kuna wakati ambapo hata hayo hayatoshi, nao ni wakati mvua inaporudi. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, huko huko upande wa Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Lilikuwa gari moja, lisilovuta kitu. Msafara wa trekta na trela mbili hukaa mtoni muda mrefu zaidi kwa sababu ya urefu wake, na hauwezi kurudi nyuma. Asiyeamini na ajaribu kurudisha nyuma trela mbili hata mahali pakavu. Tena tangi tupu lililofungwa ni mtumbwi. Maji yakilipata huliinua, na likiisha kuelea hulivuta trekta linakokwenda lenyewe. Wanaopenda kupanda juu ya trela ili kuokoa miguu yao, na wanafunzi ni wengi miongoni mwao, hawana habari kwamba wamepanda chombo cha majini kisicho na kafi.

Narudi kwa hesabu, maana ndiyo iliyonishinda usiku ule. Jengo la madarasa lenye paa la mita 30 kwa mita nane lina eneo la mita 240 za mraba. Zinyeshe milimita 100 tu katika msimu mzima, paa hilo litakuwa limepokea lita 24,000. Tutoe sehemu moja ya tano kwa maji yanayovuja na kupotea, zitabaki lita 19,200, karibu sawa na matangi manne ya dereva wetu. Shule ile ilikuwa na majengo matatu ya namna hiyo. Moja lilikuwa na mfereji wa bati upande mmoja, ukining'inia. Kitui inasifika kwa mabwawa yake ya mchanga na kwa miamba inayokinga mvua, na wageni huja kujifunza. Lakini paa la shule, ambalo halihitaji bwawa wala mwamba, tumeliacha limwage maji yake uani, kisha tunamtuma mtu na trekta akayafuate mbali.

Mwaka uliofuata nilipita tena Kyuso nikamkuta dereva yule sokoni, akipakia. Alinikumbuka, akacheka, akanionyesha pini mpya ya chuma kizito, imepakwa mafuta. Trela zilikuwa mbili vilevile. Nikamwuliza juu ya mnyororo. "Nimeagiza, Mwalimu," akasema, "utakuja na gari la Mwingi la Ijumaa." Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na trekta lilikuwa linaondoka.