MAJI YA PAA LAKO YASIWE MSIBA WA JIRANI YAKO



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, wazazi na walezi, nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la dini, nalo ni maji ya mvua yanayotoka kwenye mapaa yetu. Rai yangu ni kwamba kila nyumba yenye nafasi uani, na kwanza kabisa misikiti na madrasa, ichimbe shimo la kunyonya maji ya mvua, ili yazame ardhini badala ya kumiminikia kwa jirani aliye chini yetu.

Songea ni mji wa miinuko na mabonde. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na kwa mwaka hupita milimita 1,000. Zamani nyumba zilikuwa chache na ardhi ilikuwa na majani, hivyo maji mengi yalizama yenyewe. Leo tumeezeka bati, tumesakafia nyua kwa saruji, na maji hayana pa kuingia. Hebu tupige hesabu ndogo. Paa lenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 10 likinyeshewa mvua ya milimita 20 tu, hutoa lita 1,600, yaani mapipa 8 ya lita 200. Nyumba kumi za mteremko mmoja ni mapipa 80. Hayo ndiyo yanayochimba makorongo katika njia zetu na kulowesha misingi ya nyumba za tofali mbichi. Yakituama, mbu wa malaria hupata pa kuzalia.

Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akienda kuswali Ijumaa, akamwagikiwa na maji machafu kutoka kwenye mfereji wa paa la nyumba ya Abbas (R.A.). Akaamuru mfereji ule ung'olewe. Abbas alipomweleza kwamba ni Mtume (S.A.W.) aliyeuweka pale, Umar alimtaka apande juu ya mgongo wake aurudishe mahali pake. Mwisho wa kisa hiki unatufunza adabu mbele ya jambo la Mtume. Lakini tuuangalie na mwanzo wake: kiongozi wa Waislamu aliona maji ya paa yanayowamwagikia wapita njia ni jambo la kushughulikiwa siku ile ile. Na sote tumesomeshwa kwamba Muislamu hadhuru wala halipi dhara kwa dhara.

Shimo lenyewe halihitaji ufundi mkubwa. Linaweza kuwa na urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1.5 na kina cha mita 2, kisha linajazwa mawe au vipande vya tofali za kuchoma. Maji hukaa katika nafasi zilizo kati ya mawe, ambazo ni kama theluthi moja ya shimo, yaani lita 1,500 hivi, huku yakizama taratibu pembeni na chini. Lakini yapo masharti:

Kwanza, pima udongo. Chimba kishimo, jaza maji, yakiisha jaza tena. Yakikaa hadi siku ya pili, hapo hapafai.

Pili, shimo liwe mbali na msingi wa nyumba kwa mita 5 hivi, na liwe mbali na choo na kisima. Lisichimbwe kwenye ukingo wa mteremko mkali.

Tatu, kabla ya shimo kiwepo kisanduku kidogo cha kunasa mchanga na majani, kisafishwe kabla ya masika na baada yake. Bila hivyo shimo litaziba.

Nne, ni la maji ya mvua tu. Maji ya sabuni, mafuta ya pikipiki na uchafu wa jikoni visiingie.

Tano, wakati wa kuchimba liwekewe uzio, na likikamilika lifunikwe, watoto wasije wakatumbukia.

Wako watakaosema mitaro ni kazi ya serikali. Ni kweli, barabara za mitaani ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na tuna haki ya kudai mitaro. Lakini mtaro hujengwa kwa ajili ya barabara, na hata ukiwa mpana hauwezi kubeba maji ya kila ua uliofungwa kwa saruji. Wengine watasema hawana fedha. Tofali zilizovunjika zipo, majembe yapo, na vijana wapo. Asiye na nafasi uani aanze kwa kukinga maji kwenye pipa.

Tena kuna faida nyingine. Katika Surat al-Mu'minun, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba huyateremsha maji kwa kiasi na kuyatuliza ardhini, na kwamba anao uwezo wa kuyaondoa. Chemchemi za milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma unaanzia, ni maji ya mvua yaliyopata njia ya kuzama. Tukiifunga ardhi kila mahali, tusishangae visima vikikauka kiangazi.

Basi madrasa yetu ianze. Kiangazi hiki, kabla ya mvua za Novemba, wanafunzi wakubwa na wazazi tuchimbe shimo moja la paa la darasa, na jingine la maji ya udhu, kwani hayo hutiririka kila siku. Watoto wakiona kwa macho, watakwenda kuwaonyesha wazazi nyumbani. Kuondoa lenye kuudhi njiani tumefundishwa kuwa ni katika imani, na maji haya ni katika yanayoudhi.

Wabillahi tawfiq.