Amri ya Mzinga Itolewe Kabla ya Safari

Manowari ya Marekani iitwayo USS Stark, iliyokuwa zamu katika Ghuba ya Uajemi usiku wa tarehe 17 Mei 1987, ilipigwa na makombora mawili ya Exocet yaliyofyatuliwa na ndege ya Irak, ambayo dola yake ilidai baadaye kuwa ilikosea, na mabaharia 37 wakafariki. Manowari hiyo ilikuwa na mzinga wa Phalanx, ambao kazi yake hasa ni kuyavunja makombora ya namna ile kabla hayajafika ubavuni; walakini usiku ule haukuwa umewekwa tayari kufyatua, wala haukutoa hata risasi moja.

Mzinga huo una mitutu sita izungukayo kwa pamoja na kutema risasi za milimita 20, zipatazo 3,000 kwa dakika katika aina yake ya awali na 4,500 katika aina za baadaye, na rada yake huliangalia kombora lijalo pamoja na risasi zenyewe zirukazo, ili shabaha irekebishwe pasina mkono wa mtu. Exocet huruka karibu na uso wa maji kwa mwendo unaokaribia ule wa sauti. Na madhali mzinga hufaa kwa masafa ya kilomita moja na nusu hivi, muda uliopo wa kulizuia ni kama sekunde tano, ambazo hazimtoshi mwanadamu yeyote kufanya shauri, kuomba idhini na kuipata.

Wanaouogopa mzinga ujiendeshao siwalaumu, kwani hofu yao ina hoja. Mwezi Februari 1991 Phalanx ya USS Jarrett, ikiwa imeachiwa kujiamulia, ilivilenga vipande vya madini vilivyorushwa na USS Missouri ili kuyahadaa makombora, na risasi kadhaa zikaipata Missouri yenyewe. Na mwezi Juni 1996, katika mazoezi ya Pasifiki, manowari ya Kijapani Yugiri iliitungua ndege ya Marekani iliyokuwa ikiburura shabaha, ingawa wawili waliokuwamo, alhamdulillahi, waliokolewa.

Hata hivyo, kuulaza mzinga katika maji ya vita ni kuwatoa mabaharia kafara ya hofu hiyo. Tarehe 14 Julai 2006, mbele ya pwani ya Lebanoni, manowari ya Israeli Hanit ilipigwa na kombora la Hizbullah, wakafa mabaharia wanne, ilhali mitambo yake ya kujikinga haikuwa imewashwa. Na wakubwa wa nchi kavu hawakuwa wamemtahadharisha nahodha kwamba adui anayo silaha ya aina hiyo. Tarehe 30 Januari 2024, katika Bahari ya Shamu, mambo yalikuwa kinyume: kombora la Wahuthi lilipita ngome zote za mbali hadi kubakiza takriban maili moja kuifikia USS Gravely, na Phalanx iliyokuwa macho ikaliangusha.

Kwa hiyo nashikilia kuwa shauri la kuuamsha mzinga lifanywe bandarini, kwa utulivu na kwa maandishi, likieleza bayana ni bahari gani, saa gani, na ndege za rafiki zipite wapi. Na pindi maafa yakitokea, jina la mkubwa aliyeitia sahihi amri hiyo lisomwe katika baraza la uchunguzi kabla ya jina la nahodha.